Wasiwasi Unapobana Kibofu: Majibu kwa Barua Zenu

Ukurasa wa mwezi huu nimeuachia jambo moja: kwenda haja ndogo kila mara, na jinsi wasiwasi unavyohusika. Barua za shida hii zimekuwa zikiingia kwa muda, na karibu kila mwandishi anaomba radhi kabla hajasema kinachomsumbua. Naomba tuiache hiyo radhi. Katika kliniki ya magonjwa ya mkojo nilikofanya uuguzi kwa miaka mingi, wagonjwa wengi waliochelewa kuja walicheleweshwa na aibu, na aibu hiyo iliwanyima usingizi, ikawatoa kazini, wengine ikawagombanisha na wenzi wao ambao hawakuambiwa kinachoendelea. Barua nimezifupisha na kuondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mwandishi.

*Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 26, nafanya kazi ofisini. Tangu niajiriwe nakojoa kila nusu saa, na kukiwa na kikao naweza kwenda mara tatu kabla hakijaanza. Safari ndefu ya basi naikata koo tangu usiku, yaani sinywi kitu, na lazima nikae karibu na mlango. Ajabu ni kwamba mkojo wenyewe ni kidogo sana, na nikishalala siamki mpaka asubuhi. Nimepima mkojo mara tatu, uko safi. Sukari iko sawa, mimba sina. Mara ya mwisho mhudumu aliniambia, "Ni mawazo tu, acha kufikiria." Nilitoka pale nalia. Je, kweli najidanganya? Na kama ni wasiwasi, unaingiaje kwenye kibofu?*

Marahaba, mwanangu. Hujidanganyi. Unachokisikia ni haja ya kweli. Ila haijaletwa na wingi wa mkojo, na hapo ndipo penye ufumbuzi.

Tupige hesabu kidogo. Figo za mtu mzima aliyekunywa maji kiasi cha kawaida hutengeneza takriban mililita 1 hadi 2 za mkojo kwa dakika. Kwa hiyo nusu saa baada ya kutoka msalani, kibofu chako kina kama mililita 30 hadi 60. Kibofu hichohicho kinaweza kubeba 300 hadi 500, na watu wengi huanza kuisikia haja kwa mbali kinapofika 150 au 200. Unabanwa wakati ndani nafasi ni tele.

Kwa nini? Kibofu ni mfuko wa misuli unaoendeshwa na mishipa ya fahamu ya aina mbili. Ipo inayotoka kwenye uti wa mgongo, usawa wa chini ya kifua na juu ya kiuno, ambayo hukilegeza kibofu kijae na kuufunga mlango wake. Ipo nyingine inayotoka chini kabisa ya uti wa mgongo, ambayo hukikaza kibofu kijimwage. Anayepanga zamu yuko juu, kwenye shina la ubongo. Daktari Mwingereza Frederick Barrington alikionyesha kituo hicho mwaka 1925 kwa kuchunguza paka, na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Lakini kituo hicho nacho kina mkubwa wake: sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo, ndiyo inayokiambia "ngoja kwanza" au "sasa ruksa".

Ukiwa na wasiwasi, mpangilio huo unayumba. Mwaka 1915 Mmarekani Walter Cannon, bingwa wa utendaji wa mwili, alieleza jinsi hofu inavyoutayarisha mwili kupigana au kukimbia: moyo unakwenda mbio, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, kinywa kinakauka. Kwa kanuni ya kitabuni, mishipa ya dharura, ambayo ni ile ya kwanza niliyoitaja, ilitakiwa kukilegeza kibofu. Anayesubiri kuitwa kwenye usaili anajua kwamba mambo hayaendi hivyo, na sababu si moja. Kituo cha Barrington kina seli zinazotumia kemikali ileile ambayo ubongo huitumia kuuamsha mwili wakati wa msongo, kwa hiyo hofu na mkojo ni majirani wa karibu kuliko tunavyodhani. Pili, sehemu ile ya mbele ya ubongo, iliyokuwa ikisema "ngoja", sasa imeshikwa na kikao, bosi na jinsi utakavyoonekana. Nguvu yake ya kutuliza inapungua. Tatu, umakini wako wote umegeukia tumboni. Ishara ndogo ambayo siku ya mapumziko ingepita bila kutambuliwa, siku ya kikao inasikika kama kengele. Ongeza kinywa kikavu kinachokufanya unywe maji kidogo kidogo, na chai au kahawa ya kujipa nguvu, nayo kafeini huwachokoza wengi wenye kibofu chepesi.

Kisha kuna misuli ambayo watu huisahau. Chini ya fupanyonga, kati ya mfupa wa mbele na kifandugu, kuna tabaka la misuli linaloshikilia kibofu na kuzunguka njia ya mkojo. Mtu mwenye wasiwasi hulikaza siku nzima bila kujua, sawa na anavyouma meno na kupandisha mabega. Hebu jichunguze sasa hivi ulivyokaa, usibadilishe kitu. Meno yako yamegusana? Tumbo la chini umelivuta ndani? Sasa lilegeze tumbo, pumua nje taratibu, na usikilize kama kuna kitu kimeshuka kidogo pale unapokalia. Kama kimeshuka, maana yake ulikuwa umekibana. Misuli iliyobanwa hivyo kutwa nzima hutuma ishara inayofanana kabisa na ya kibofu kilichojaa, na ukifika msalani inakataa kulegea yote, unatoka ukiwa na hisia kwamba hujamaliza.

La mwisho ndilo linaloifanya shida idumu hata siku ambazo huna hofu yoyote: kukojoa kwa tahadhari. "Niende tu, nisije nikabanwa huko mbele." Kila ukikimwaga kibofu kikiwa na mililita 50, unakizoeza kuita mapema. Baada ya miezi kadhaa 50 ndiyo inakuwa kiwango chake cha kulalamika. Hapo wasiwasi wa kikao umezaa wasiwasi wa mkojo, na wasiwasi wa mkojo unazaa mkojo.

Lakini barua yako ina habari njema moja ambayo huenda hukuiona: unalala mpaka asubuhi. Kibofu kigonjwa hakijui saa. Chenye maambukizi au kidonda mara nyingi kitakuamsha usiku kama kinavyokusumbua mchana. Cha kwako kinanyamaza pale ubongo unapoacha kukilinda.

Nitakupa kazi ya kufanya nyumbani. Tafuta kikombe chenye alama za mililita na daftari dogo. Kwa siku tatu, mojawapo iwe ya mapumziko, andika saa uliyokojoa, kiasi kilichotoka, ulichokunywa, na kilichokuwa kikiendelea kabla ya haja kukushika. Andika kwa maneno machache tu: "naitwa na bosi", "niko foleni", "natoka nyumbani". Halafu tazama mkojo wa kwanza wa asubuhi. Nimeona madaftari mengi ya aina hii, na nakumbuka uso wa binti mmoja alipoweka kidole kwenye 420 ya asubuhi, kisha akakishusha kwenye 60, 45, 70 za ofisini. Hakuna nilichomweleza siku ile kilichomtuliza kuliko hizo namba alizoziandika kwa mkono wake. Kibofu kilichobeba 420 usiku hakijapungua ukubwa ifikapo saa nne asubuhi.

Ukishaujua mwachano wako wa sasa, yaani muda kati ya kukojoa na kukojoa, anza kuunyoosha. Kama ni nusu saa, wiki ya kwanza lenga dakika 45, wiki inayofuata saa moja. Robo saa kwa wiki inatosha. Unataka kufika saa tatu hivi kati ya safari na safari, na kwa kawaida kazi hii huchukua wiki 6 hadi 12. Watu wengi hukojoa mara 6 mpaka 8 wakiwa macho, basi usilenge mara mbili kwa siku. Huko ni kujitesa.

Haja ikikushika kabla ya muda, usikimbie. Kukimbia kunatikisa kibofu na kunauthibitishia ubongo kwamba kuna hatari. Simama, au kaa kama kuna pa kukaa. Kaza misuli ya chini haraka mara tano kama mtu anayekata mkojo, na kila mara uiachie yote kabla ya kukaza tena. Pumua nje kwa muda mrefu kuliko unavyovuta ndani. Ipe akili kazi: hesabu kurudi nyuma kutoka 100 ukitoa saba saba. Haja ya namna hii hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili. Ikishashuka, amua kwa utulivu: unaendelea na kazi, au unakwenda msalani kwa mwendo wa kawaida.

Angalizo hapo kwenye kukaza. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga yalienezwa na daktari wa wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, kuanzia mwaka 1948, na siku hizi yanapigiwa debe kila mahali kama dawa ya kila tatizo la mkojo. Ni mazuri kwa misuli iliyolegea. Kwa misuli ambayo tayari imekakamaa yanaweza kuongeza shida. Kama ukikaza unapata maumivu, au mkojo unachelewa kuanza kutoka, acha kukaza, baki na pumzi na kulegeza, na umtafute mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulikia nyonga.

Kuhusu basi na kujinyima maji: nakuelewa, lakini usiendelee hivyo. Mkojo mzito wa rangi nzito huwachokoza wengi, na mwili uliokauka hupata choo kigumu, na choo kigumu kinakaa nyuma ya kibofu na kukikandamiza. Kunywa kawaida, ukipunguza kafeini kabla ya safari. Kojoa mara moja kabla ya kupanda, basi. Kiti cha mlangoni usikiache siku hiyohiyo; safari ya kwanza sogea safu moja, nyingine safu mbili. Kwenye vikao fanya hivyohivyo: kutoka mara tatu shuka hadi mbili, ukizoea shuka hadi moja. Vitu hivi unavyoviita tahadhari ndivyo vinavyouambia ubongo kila siku kwamba bila mlango wa karibu ungeadhirika, na hautawahi kujifunza vingine kama hujaupa nafasi ya kuona.

Na wasiwasi wenyewe utibiwe kama tatizo kamili. Kama unakosa usingizi, moyo unakwenda mbio bila sababu, au hofu imekukatisha mambo uliyokuwa ukiyapenda, muone mwanasaikolojia. Tiba ya mazungumzo inayofundisha kupambanua fikra na kuzikabili hofu hatua kwa hatua imethibitika kufanya kazi vizuri kwa wasiwasi, na zipo dawa za daktari kwa wanaozihitaji.

Yule aliyekuambia "ni mawazo tu" alikuwa sahihi kwamba vipimo havikuonyesha ugonjwa, akakosea kudhani kwamba mazungumzo yanaishia hapo. Kumwambia mtu aache kufikiria si matibabu. Kipimo safi ndicho kinachotupa ruhusa ya kuanza kazi niliyokueleza.

*Dada, salaam. Nina miaka 58. Nilisoma kwamba msongo wa mawazo huleta mkojo wa mara kwa mara, nami mwaka huu nimepitia mengi ya familia. Usiku naamka mara nne. Mkojo unasitasita kuanza, unatoka kwa unyonge, na nikimaliza bado unadondoka. Kiu nayo imezidi. Nafikiria kununua dawa ya usingizi ili nipumzike. Unashauri ipi?*

Kaka, sishauri hata moja. Nakuomba uende hospitali wiki hii.

Nimetoka kueleza kwamba wasiwasi kwa kawaida hulala mwenye nao anapolala. Ni kweli kwamba mtu asiye na usingizi kwa mawazo anaweza kwenda msalani kwa kuwa tu yuko macho. Wewe unaeleza kitu kingine: mkojo ndio unaokuamsha, tena unasita na kutoka kwa unyonge. Kwa mwanamume wa umri wako dalili hizo zinaelekeza kwenye tezi dume, ambayo hupanuka na umri na kuibana njia ya mkojo. Mara nyingi upanuzi huo si saratani, lakini hilo huwezi kulijua ukiwa nyumbani. Kiu iliyozidi inaleta swali la pili, nalo ni kisukari: sukari ikijaa kwenye damu, figo huitoa kwenye mkojo na kutoka na maji mengi.

Kwa hiyo omba wakupime mkojo, sukari ya damu na utendaji wa figo, wakupime tezi dume, na kama kipo kipimo cha mawimbi ya sauti, wakuangalie mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa. Waeleze dawa zote unazotumia. Za shinikizo la damu zinazotoa maji mwilini zikimezwa jioni zitakuamsha usiku, na baadhi ya dawa za mafua na mzio zinaweza kumzuia kabisa mkojo mtu mwenye tezi dume iliyopanuka. Kama miguu inavimba jioni, au mkeo analalamika kwamba unakoroma na kukata pumzi usingizini, yataje hayo pia. Yote mawili huongeza mkojo wa usiku.

Dawa ya usingizi ingekufanya ujikwae gizani ukielekea msalani, na kuficha dalili inayojaribu kukuambia kitu. Na ikitokea siku mkojo umegoma kutoka kabisa huku tumbo la chini limejaa na linauma, usisubiri kuche. Hiyo ni dharura.

Mengi uliyopitia na familia sijayapuuza. Mwambie daktari na hayo. Anza tu na mwili.

*Mama, mwanangu ana miaka 5. Ghafla ameanza kuomba kwenda kukojoa kila dakika kumi au kumi na tano. Yanatoka matone. Usiku analala fofofo wala halowani. Hasikii maumivu. Ilianza wiki chache baada ya mdogo wake kuzaliwa. Shuleni mwalimu anamkatalia, anasema ni kisingizio cha kutoka darasani. Nimchape?*

Usimchape, mama, na mwalimu asimkatalie.

Unachokieleza ni hali inayojulikana kwa watoto wa umri huo: safari nyingi mno mchana, mkojo kidogo, usiku kimya. Mara nyingi hutanguliwa na mabadiliko yaliyomgusa mtoto, kama kuanza shule, kuhama, kufiwa au kupata mdogo. Huwa inakwisha yenyewe baada ya wiki kadhaa au miezi michache. Mtoto hajui kwamba ana wasiwasi, wala hafanyi makusudi. Anachojua ni kwamba mkojo unambana, na anasema kweli.

Kabla ya kutulia hivyo, mpeleke apimwe mkojo mara moja, waangalie maambukizi na sukari. Muulize pia kuhusu choo kikubwa. Watoto wengi wanaosumbuliwa na kibofu wana choo kigumu ambacho hakuna aliyewahi kukiulizia, na kikishashughulikiwa, mkojo nao unatulia.

Vipimo vikiwa safi, mwambie mara moja kwa sauti ya kawaida: "Kibofu chako kiko salama, ukibanwa nenda, na hata ukingoja kidogo hakuna kibaya kitakachotokea." Halafu nyamaza. Usimhesabie safari, usimuulize kila akitoka, usiwahadithie wageni mbele yake. Kadiri watu wazima wanavyoizungumzia ndivyo inavyokua. Badala yake tenga muda kila siku ambao ni wake peke yake bila mdogo wake, hata kama ni nusu saa ya kucheza chini sakafuni. Mwalimu muandikie barua fupi, na ukiweza upate ya daktari pia: aruhusiwe kutoka bila kuomba mbele ya darasa zima.

Jambo moja lisingoje. Mtoto akianza kunywa maji kupita kiasi, kukonda, kuchoka, au kukojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, apimwe sukari siku hiyohiyo. Kisukari cha watoto huzidi haraka.

*Mimi shida yangu ni kinyume. Nikiwa peke yangu nakojoa vizuri, ila mtu akisimama karibu au akigonga mlango, hautoki hata tone, na nimebanwa kweli. Naepuka safari na shughuli za watu wengi. Ni kijana wa kiume, miaka 22.*

Ni ndugu wa shida ile ile, kijana wangu. Hapo hofu imeukamata mlango badala ya kibofu: misuli inayofunga njia ya mkojo haikubali kulegea mbele za watu. Hali hii imeelezwa na wataalamu tangu miaka ya 1950 na ina watu wengi kuliko unavyofikiri, kwa sababu hakuna anayeitaja.

Kwanza daktari athibitishe kwamba njia ya mkojo haina kizuizi. Kwa kuwa peke yako unakojoa vizuri, huenda haina. Kisha ni mazoezi ya hatua kwa hatua, na unahitaji mtu mmoja unayemwamini, rafiki au ndugu. Kunywa maji ya kutosha hadi ubanwe sawasawa. Mara ya kwanza yeye akae mbali, mwisho wa nyumba. Kojoa kidogo, katisha, pumzika dakika chache, asogee kidogo, kojoa tena. Siku kwa siku anakaribia mlango. Usisukume kwa nguvu za tumbo, kwa sababu kusukuma kunaikaza misuli ileile unayotaka ilegee. Pumua nje na ungoje. Mwanasaikolojia anaweza kukusimamia zoezi hili kama huna wa kukusindikiza, na kwa wengi linaleta nafuu kubwa.

*Je, nikipunguza maji hadi glasi mbili kwa siku nitapona?*

Hapana. Utapata choo kigumu, mkojo wa kuchoma na labda maambukizi. Kunywa kulingana na kiu, mkojo uwe na rangi ya njano hafifu. Ukitaka kupunguza kitu, punguza kafeini, na vinywaji vya saa mbili za mwisho kabla ya kulala.

*Dada, mimi ni mama wa miaka 34. Kila nikipata msongo mkojo unaanza kunibana, nakwenda dukani naeleza, napewa antibayotiki. Nimekwisha kumeza za aina nyingi. Napata nafuu siku mbili, kisha inarudi. Sasa naogopa kwamba nina yutiai (UTI, maambukizi ya njia ya mkojo) sugu. Nifanyeje?*

Dada yangu, barua yako imeniumiza, kwa sababu safari hii nimewaona wengi wakiipita. Umetibiwa ugonjwa ambao, kwa maelezo yako, hakuna aliyeuthibitisha hata mara moja.

Maambukizi ya njia ya mkojo yana sura yake: kuchoma wakati wa kukojoa, haja ya ghafla, mkojo wenye harufu kali au ukungu, maumivu juu ya kinena, wakati mwingine damu. Yakipanda kwenye figo huja na homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni. Mkojo unaobana tu, bila kuchoma, unaoanza siku ya msongo na kutulia mambo yakitulia, unaweza kuwa na chanzo kingine kabisa. Nafuu ya siku mbili haithibitishi kwamba dawa ilikufaa. Msongo nao hupungua, na kule kuamini kwamba umetibiwa kunatuliza.

Kwa hiyo mara nyingine ikianza, usimeze kitu. Nenda maabara kabla ya dawa yoyote, uombe mkojo uoteshwe, yaani vijidudu vilivyomo, kama vipo, vikuzwe ili vitambuliwe, maana kipimo cha haraka cha kijiti kinaweza kuwa na makosa kwa pande zote mbili. Namna ya kuutoa ni muhimu: jisafishe kwa maji, acha mkojo wa kwanza upite, kinga wa katikati kwenye chombo safi cha maabara bila kugusa ndani yake, na uupeleke mapema. Majibu ya kuotesha huchukua siku moja hadi tatu. Vijidudu vikiota, maabara itasema ni vipi na dawa gani inaviweza, nawe umeze dozi yote uliyoandikiwa. Visipoota, umejiokoa na dawa nyingine bure, na vijidudu vya mwilini mwako havijapata fursa ya kuzoea dawa ambayo siku moja utaihitaji kwa dhati. Hapo rudi kwenye daftari la siku tatu nililomweleza binti wa kwanza.

Usiichukue hiyo kama ruhusa ya kusema kila kitu ni msongo. Mtu mwenye wasiwasi naye huugua kama wengine. Damu kwenye mkojo, hata mara moja na hata bila maumivu, ichunguzwe. Hali kadhalika maumivu ya kibofu yanayopungua ukikojoa na kurudi kikijaa, mkojo unaovuja, na kupungua uzito bila sababu. Ukipata ganzi sehemu za siri au mapajani, miguu ikaishiwa nguvu na mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa maana neva za chini ya mgongo zinaweza kuwa zimebanwa. Na kama siku zako zimechelewa, pima ujauzito. Nao huongeza safari tangu wiki za mwanzo.

Majibu ya kuotesha omba upewe kwa maandishi, uyatunze na majina ya dawa ulizokwisha kumeza kadiri unavyoyakumbuka. Atakayekuona mara nyingine ataanzia hapo, badala ya kukuandikia antibayotiki nyingine kwa kubahatisha.